Ahadi Asiyoitoa Mwenyewe

Katika lugha yetu lipo neno moja jepesi kulitamka na zito kulibeba. Mtu akitazamiwa kufika mahali fulani katika maisha, naye asifike, twasema: "Ametuangusha." Hatusemi kwamba ameanguka yeye; twasema ametuangusha sisi, kana kwamba tulikuwa tumepanda mabegani mwake, naye akajikwaa kwa uzembe. Neno hili husemwa juu ya kijana aliyepelekwa shule kwa michango ya ukoo akarudi bila cheti. Husemwa juu ya binti aliyetazamiwa kuwa mtawa, naye akaolewa. Na kwa miaka mingi limesemwa juu ya mchezaji mmoja Mtanzania wa mpira wa kikapu, ambaye habari zake zajulikana na ulimwengu wote, na kwa hiyo zaweza kutusaidia kulipima neno lenyewe pasipo kumwaibisha mtu wa jirani.

Mchezaji huyo ni Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kuucheza mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wamekwisha ucheza kwa miaka kumi. Lakini urefu wake, futi 7 na inchi 3, ulimtangulia kila alikokwenda. Akapata nafasi ya masomo Marekani, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko akawa hodari wa kuuzuia mpira usifike kapuni. Mwaka 2008 na tena mwaka 2009 alitangazwa kuwa mlinzi bora katika ligi ya vyuo waliyoshindana, na mwaka huo wa 2009 chuo chake kikafika katika timu nne za mwisho za mashindano ya taifa zima.

Yafaa wasomaji wasioujua mchezo huo waelezwe jinsi vijana wanavyoingia katika ligi kubwa ya Marekani iitwayo NBA. Mara moja kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, wakuu wa klabu zote hukutana kwa uchaguzi. Majina ya vijana yako mezani. Klabu hupangiwa zamu, na kila moja ikifikiwa na zamu yake hutaja jina la kijana inayemtaka. Kijana hachagui klabu. Haulizwi atafanya nini. Huitwa jina lake, huvikwa kofia ya klabu iliyomtwaa, hupigwa picha, basi. Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, klabu ya Memphis Grizzlies ilikuwa na zamu ya pili, nayo ikalitaja jina la Thabeet. Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo akaingia kwa mlango wa mbele, akiwa ametanguliwa na kijana mmoja tu. Nyuma yake, katika nafasi ya tatu, alitajwa James Harden. Katika nafasi ya saba, Stephen Curry. Wote wawili baadaye walitangazwa, kila mmoja kwa wakati wake, kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Yaliyofuata yanasimuliwa upesi. Mwezi wa Februari 2010, kabla hajamaliza mwaka wake wa kwanza, Memphis walimpeleka kwa muda katika ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards, huko North Dakota kwenye baridi kali. Hapakuwa na mchezaji kabla yake aliyechaguliwa juu kiasi kile akateremshwa hivyo. Februari 2011 akahamishiwa Houston. Machi 2012 akahamishiwa Portland. Julai mwaka huo huo akajiunga na Oklahoma City, akakaa misimu miwili. Mwaka 2014 jina lake likapita Philadelphia, likapita Detroit, na kote akaachwa kabla ya msimu kuanza. Kwa jumla alicheza michezo 224 katika ligi kubwa, na wastani wake ulikuwa pointi mbili na ushei kwa mchezo. Baada ya hapo akacheza katika ligi ndogo, Grand Rapids. Mwaka 2017 alikuwa Yokohama, Japani. Mwaka 2019 akarudi Marekani kucheza Fort Wayne, tena katika ligi ndogo. Mwaka 2020 alikuwa Hsinchu, katika kisiwa cha Taiwan. Mwaka 2025, mwenye umri wa miaka 38, alikuwa uwanjani tena akiichezea Dar City ya Dar es Salaam.

Waandishi wa michezo wa Marekani wamezoea kuliweka jina lake katika orodha ya makosa makubwa ya uchaguzi. Tuyaangalie maneno hayo jinsi yalivyo. Kosa la uchaguzi ni kosa la mchaguaji. Mtu akienda sokoni Majengo akanunua mbuzi akidhani ana mimba, kumbe hana, kosa ni la macho yake. Mbuzi hakusema neno. Lakini katika habari hii kosa lilihama: likatoka kwa wakubwa waliokaa mezani na vitabu vyao vya hesabu, likamkalia kijana wa miaka 22 aliyeitwa jina. Nasi huku nyumbani tulilipokea neno hilo bila kulichunguza, tukaongeza na letu: ametuangusha.

Swali letu basi ni hili. Je, mtu aweza kuwa amevunja ahadi ambayo hakuitoa?

Walimu wa elimu ya maadili hutenga mambo matatu ambayo sisi katika mazungumzo huyachanganya: ubashiri, tumaini na ahadi. Ubashiri ni hukumu ya akili juu ya jambo lijalo. Mwenye kubashiri ndiye mwenye kupatia au kukosea. Tumaini ni mwelekeo wa moyo kuelekea jema lililo gumu kupatikana. Mwenye kutumaini ndiye mwenye kufurahi au kuhuzunika. Ahadi ni tofauti kabisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapofundisha juu ya nadhiri, aonyesha kwamba hutanguliwa na kufikiri na kukusudia, kisha hukamilishwa kwa kuahidi. Wala hakuna ninayeweza kumwekea nadhiri yake mahali pake. Ndivyo ilivyo hata kwa ahadi zetu ndogo za kila siku. Yule tu aliyefunga fundo ndiye anayedaiwa kulifungua.

Wakuu wa Memphis walibashiri. Watanzania wengi walitumaini, na si vibaya kutumaini. Tulikuwa na haki ya furaha ile ya Juni 2009, wala hakuna atakayetudai turudishe furaha. Lakini ubashiri wa mmoja na tumaini la mwingine, hata vikijumlishwa, havizai ahadi ya mtu wa tatu.

Msomaji mwenye akili hatakubali upesi hivyo. Atasema: Padre, kijana yule alipokea mshahara, tena mshahara mkubwa kuliko watu wengi wa Dodoma watakaoupata katika maisha yao yote. Mwenye kupokea mshahara amejifunga. Sawa, pingamizi hili ni la haki nasi twalipokea. Alijifunga, lakini kwa jambo gani? Hapo sharti tutenge tena. Fundi aliyepatana kujenga nyumba ya vyumba vitatu, akajenga viwili tu, adaiwa chumba kimoja. Mganga aliyemtunza mgonjwa kwa uangalifu wote, mgonjwa akafariki, hadaiwi uhai. Hudaiwa uangalifu tu, na kama aliutoa amelipa. Mapatano ya kwanza ni ya kazi iliyokamilika, mapatano ya pili ni ya bidii. Kazi nyingi za binadamu ni za namna ya pili, na sisi wa nchi hii ya kati twalijua jambo hili kuliko watu wa mahali penye mvua mbili. Hapa mvua hunyesha msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na pengine hukatika wakati uwele ungali unachanua. Mkulima wa Bahi au wa Mvumi hudaiwa kulima, kupanda na kupalilia. Hakuna mke wala mzee wa ukoo awezaye kumdai mvua.

Mchezaji naye yumo katika namna hii ya pili. Huuza bidii yake kwa muda maalumu: kufika mazoezini, kuutunza mwili, kumtii mwalimu, kucheza kwa haki. Ushindi hauko mkononi mwake peke yake, maana mbele yake yuko mtu mwingine aliyelipwa ili amzuie. Jambo hili latosha kuonyesha kwamba ushindi hauwezi kuwa deni: katika kila mchezo mmoja lazima ashindwe, na ingekuwa ajabu kama nusu ya wachezaji wa dunia wangekuwa wezi wa mishahara kila jioni.

Je, bidii aliitoa? Wako waliosema hakuwa na njaa ya kutosha. Undani wa moyo wa mtu ni ghala lenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo hauko ofisini mwetu. Lakini yako matendo ya nje, nayo twaweza kuyatazama. Mtu aliyetajwa wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka ule alikubali kupanda basi la timu ya ligi ndogo. Katika msimu wa 2012 hadi 2013, pale Oklahoma City, alicheza michezo 66, kila mara dakika kumi na mbili hivi, ili mchezaji mkubwa apumzike. Hiyo ni kazi ya namna gani? Ni kuingia wakati watu wanasimama kwenda kununua soda, kumzuia jitu la timu nyingine, kusukumwa, kuadhibiwa kwa makosa ili mwenzako asiadhibiwe, kisha kurudi benchi kabla kelele hazijaanza. Hakuna anayekumbuka dakika hizo, wala mchezo hauendeshwi bila hizo. Na baada ya ligi kubwa kumwacha, aliendelea na kazi ile ile Yokohama na Hsinchu, katika miji ambayo hapakuwa na mwandishi wa kwetu wa kumpiga picha. Mtu ambaye mshahara wake halisi ni sifa huacha kazi siku sifa zinapokatika. Huyu hakuiacha.

Katika mkoa huu huu wetu tunaye shahidi mwingine. Juma Ikangaa, mwanajeshi na mkimbiaji wa mbio ndefu, alizaliwa Dodoma mwaka 1957. Katika mbio za Boston za mwaka 1988 alikuwa wa pili, nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili. Mwaka 1989 akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akawa wa pili mara ya tatu, nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Kati ya hayo, Novemba 1989, alishinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia katika njia ile. Lakini hata kama New York isingekuwapo, nani angethubutu kumwita Ikangaa mtu aliyetuangusha? Tunautaja u-pili wake kwa fahari.

Basi hapa pana watu wawili, na namba moja. Mmoja alikuwa wa pili Boston, mwingine alikuwa wa pili New York mezani. U-pili wa Ikangaa ulikuja baada ya kazi. U-pili wa Thabeet ulikuja kabla ya kazi. Ikangaa alihesabiwa hatua alizokwisha kupiga, Thabeet alihesabiwa hatua ambazo watu wengine waliota kwamba atazipiga. Kama Thabeet angechaguliwa wa 50, akacheza michezo ile ile 224, tungemwita kijana wa ajabu, aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 akadumu miaka mitano katika ligi ngumu kuliko zote duniani, na tungewaonyesha watoto wetu picha yake. Michezo haikubadilika, wala pointi hazikubadilika. Kilichobadilika ni namba ambayo hakuiandika yeye. Tukiyafikiri hayo kwa utulivu twaona kwamba hukumu yetu haikumpima mtu, ilipima umbali uliopo kati ya mtu na makisio ya wafanyabiashara.

Tumeyataja makisio ya wafanyabiashara, na hapa tuliseme neno lingine ambalo halitupendezi. Magazeti, hata ya kikwetu, huandika kwamba mchezaji fulani "ameuzwa". Katika nchi ya Ugogo neno hilo yafaa litutie baridi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, kwa Mpwapwa na jangwa la Marenga Mkali, na watu waliouzwa kweli kweli waliipita wakiwa na minyororo. Walakini katika njia ile ile walipita pia watu wa namna nyingine: wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, waliojipangisha kwa hiari kuchukua mizigo hadi pwani na kurudi. Hao walipatana ujira, na ujira ulilipwa kwa nguo, aghalabu merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Walikuwa mafundi wa kazi yao: walijua kisima kiko wapi, walijua mtemi yupi wa Kigogo hudai hongo kiasi gani, walijua kufunga mzigo usichubue bega. Safari ikiisha, mapatano yakaisha; safari nyingine, bwana mwingine. Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, migongo ya watu hao ndiyo iliyowafikisha. Majina ya wazungu hao yako katika vitabu vya shule. Ya wapagazi, isipokuwa machache, hayamo.

Mtumwa na mpagazi walitembea njia moja, pengine chini ya mizigo iliyolingana, na mtazamaji wa mbali asingewatofautisha. Tofauti yao ilikuwa kubwa kama ile ya usiku na mchana: mmoja alikuwa amechukuliwa yeye, mwingine alikuwa ametoa kazi yake akabaki na nafsi yake. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, aliwaonya matajiri wasiwahesabu watu wao kuwa watumwa. Na Papa Yohane Paulo II mwaka 1981 alifundisha kwamba kazi hupata thamani yake kwanza kutoka kwa yule anayeifanya, kwa sababu yeye ni nafsi. Mchezaji anapotoka Memphis kwenda Houston kwa makubaliano ya mabwana wawili, yeye asiulizwe, pana jambo hapo ambalo dhamiri ya Kikristo hailipitii kwa kicheko, hata mshahara uwe mnono namna gani. Kinachohamishwa ni mkataba. Mtu hahamishwi kama gunia, na anayesema "tumemuuza" ajisahihishe.

Wachezaji wa namna hii hawako Marekani tu. Tangu Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, wakazi wa mji huu wamewaona vijana wengi wakifika Uwanja wa Jamhuri na begi moja. Hucheza msimu mmoja au miwili, huondoka kwenda Mbeya au Mwanza au Singida, na wengine hurudi tena wakiwa na jezi ya wageni. Pengine hata timu yenyewe huhama: mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars, na washabiki wake wa Mbarali wakabaki na viti vyao. Mashabiki huwaita vijana hao majina yasiyo mazuri, eti hawana mapenzi na timu. Lakini klabu iliyompa kijana mapatano ya miezi kumi haiwezi kumdai mapenzi ya miaka kumi. Adaiwa miezi kumi ya haki. Akiitoa, aage kwa heshima, naye aagwe kwa heshima, alipwe na malimbikizo yake yote. Maana ujira uliozuiwa, Maandiko yasema, hupiga kelele, na kelele hizo hazifiki kwa chama cha mpira peke yake.

Wako watakaotuuliza kama hatuwapi wavivu kichaka cha kujifichia. Mtu akiisha ambiwa kwamba hadaiwi matumaini ya watu, je, hatalala? Bwana wetu alilijibu jambo hili kwa mfano ambao kila mtoto wa mafundisho aujua, wa watumishi watatu waliokabidhiwa fedha za bwana wao. Sisi wahubiri humsema sana yule wa tatu aliyezika talanta yake ardhini, na humsifu yule wa kwanza aliyepewa tano. Yule wa pili tunampita. Huyu alipewa mbili, akaleta nyingine mbili. Faida yake haikufikia nusu ya ile ya mwenzake. Mbele ya meza ya wahesabu fedha angeorodheshwa chini. Lakini someni wenyewe sura ya 25 ya Mathayo, mlinganishe maneno aliyoambiwa wa kwanza na maneno aliyoambiwa wa pili. Ni yale yale, neno kwa neno. Bwana hakumwuliza kwa nini hakuleta tano, kwa sababu hakumpa tano. Na yule wa tatu hakulaumiwa kwa uchache wa talanta yake. Alilaumiwa kwa shimo alilochimba. Kwa hiyo mvivu hana kichaka hapa. Ataulizwa alichopewa. Hataulizwa kilichokisiwa na majirani.

Yafaa tuongeze kwamba kwa kawaida hatujui tumepewa ngapi mpaka tumeanza kufanya biashara. Kijana wa miaka 22 hajui, na wakuu wenye vitabu vya hesabu, kama tulivyoona, hawajui pia. Ndiyo sababu kazi ya mtu aendaye kutoka klabu hadi klabu, kutoka mji hadi mji, yaweza kuwa safari ya uaminifu kuliko ile ya nyota: kila mahali aulizwa upya una nini, na kila mahali ajibu kwa mikono yake.

Sasa tuje nyumbani, maana gazeti hili halisomwi Memphis. Katika familia zetu za Kikatoliki ipo meza ya uchaguzi nayo haina zamu wala kofia. Mtoto wa darasa la tano akipenda kutumikia misa, jirani humwita Padre. Akiingia seminari ndogo, jumuiya humchangia godoro na sanduku, kwaya humwimbia, na bibi yake hutangaza kisimani kwamba atazikwa na mjukuu wake. Yote haya hufanywa kwa upendo. Lakini Kanisa lenyewe, linapompokea kijana yule, halimwambii kwamba ameahidi upadre. Limeweka miaka mingi kati ya lango la seminari na altare kwa sababu moja: ili kijana na walezi wake wachunguze kama ameitwa, na jibu laweza kuwa hapana. Wengi wa wanaoingia hawafiki upadrisho, na hesabu hiyo haiwatishi walezi. Ndiyo kazi ya nyumba ile. Anayetoka kwa unyofu baada ya kuchunguza amefanya kile alichoingia kufanya. Hakuna nadhiri iliyovunjwa, kwa kuwa hakuna iliyowekwa.

Hata hivyo kijana huyo akishuka kituo cha mabasi cha Nanenane na sanduku lake, aijua njia ya vichochoroni ili asionwe. Wapo waliokwenda kuishi mbali na kijiji chao miaka mingi, wapo walioacha hata kuingia kanisani, si kwa sababu ya dhambi yoyote, ila kwa sababu ya macho ya watu benchi la tatu. Na wapo, hili ni baya zaidi, waliobaki katika njia isiyo yao kwa kuogopa neno lile, wakafika mpaka wakaweka ahadi ya kweli kwa sababu ya ahadi ya bandia waliyoandikiwa na wengine. Tabu itokayo hapo huwaangukia waamini wengi, kwa miaka mingi.

Najua mzazi atasema: lakini michango yetu je? Swali hili lina haki yake na lijibiwe kwa haki. Mchango ni zawadi au ni mkopo. Kama ni mkopo, usemwe hivyo tangu mwanzo mbele ya mashahidi, kiasi chake kitajwe, na siku ya kulipa itajwe. Kijana akubali akiwa na umri wa kukubali. Kama ni zawadi, imekwisha toka mkononi, na anayeidai baadaye kwa kununa anaidai kwa ubaya kuliko mkopeshaji, maana mkopeshaji hueleza kiasi chake. Shukrani kijana anadaiwa, na shukrani ina njia nyingi: yaweza kuwa karo ya mdogo wake, yaweza kuwa bati juu ya nyumba ya bibi yule aliyetangaza kisimani. Kasoro ya zawadi zetu nyingi ni kwamba tunatoa zawadi mchana na kuiandika mkopo usiku.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, katika jimbo hili na kwingineko, wapunguze ngoma za kumwaga kijana aendaye seminari, au chuoni, au kwenye kambi ya mpira. Misa moja na chakula kimoja vyatosha. Na akirudi kabla ya wakati tuliomkadiria sisi, asiitiwe kikao cha ukoo siku hiyo. Apokewe sanduku lake, apewe maji ya kuoga, aonyeshwe mahali pa kulala. Na kesho yake aulizwe, kama anavyoulizwa kijana mwingine yeyote wa umri wake, ataka kufanya kazi gani.